Machaguo ya apt bila kubahatisha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Apt ni zana ya kusakinisha, kusasisha na kuondoa programu kwa kuandika amri, na machaguo ni nyongeza kama `-y` zinazobadilisha namna amri inavyofanya kazi. Majibu haya yanawahusu watu wa aina mbili: wanaotumia Debian, Ubuntu au Linux Mint na wamechoka kunakili amri wasiyojua itaishia wapi, na wanaoandika zana, skripti (mafaili ya amri zinazojiendesha zenyewe) na miongozo ya amri hizo au kufasiri ujumbe wake kwa Kiswahili. Neno "kifurushi" hapa ni la programu. Kile cha intaneti ya simu tumekiita bando, ili tusichanganyane.

Kwa nini kuna apt na apt-get? Nitumie ipi?

`apt-get` ndiyo mkongwe. Debian 2.1 ya mwaka 1999 ndilo toleo la kwanza la Debian lililotoka na APT ndani yake. Kando ya `apt-get` ilikuwapo `apt-cache` ya kutafuta na kuulizia habari za vifurushi, na baadaye `apt-mark` ya kuviwekea alama. Kwa hiyo mtumiaji alilazimika kukumbuka kazi ipi inafanywa na chombo kipi: kutafuta ni `apt-cache search`, kusakinisha ni `apt-get install`. Mwaka 2014, APT 1.0 ilileta amri moja, `apt`, iliyokusanya kazi ambazo mtu huzihitaji kila siku.

Ukiwa umekaa mbele ya kompyuta, tumia `apt`. Ndani ya skripti, tumia `apt-get`. Waundaji wamejiachia nafasi ya kubadilisha mwonekano wa `apt` toleo hadi toleo, na ndiyo maana ukielekeza matokeo yake kwenye amri nyingine inakuonya kwamba kiolesura chake si thabiti. `apt-get` wameiacha kama ilivyo kwa makusudi, kwa sababu kuna skripti nyingi mno duniani zinazoitegemea. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi bora kuliko yote waliyofanya: waliotaka urahisi wakapewa mlango wao, na waliozoea wakaachiwa wa kwao.

`update` na `upgrade` zinatofautianaje?

`apt update` hupakua orodha tu: ni vifurushi gani vipo kwenye hazina (ghala la vifurushi la mtandaoni) na matoleo yake ni yapi. Hakuna programu hata moja inayobadilika kwenye kompyuta yako. `apt upgrade` ndiyo inayopakua matoleo mapya na kuyaweka.

Kosa hapa si la mtumiaji. Maneno mawili yanayofanana sauti na karibu maana yamepewa kazi mbili tofauti kabisa. Ukihamia Fedora, aina nyingine ya Linux inayotumia `dnf` badala ya apt, mambo yanazidi: kule `dnf update` na `dnf upgrade` ni kitu kimoja, na zote mbili hubadilisha programu. Mtu aliyezoea `apt update` kama amri isiyo na madhara akiandika `dnf update` anaanza kusasisha mfumo mzima. Atapata mahali pa kukataa kabla kazi haijaanza, lakini mazoea ya kubonyeza "ndiyo" yana nguvu.

Ukimweleza mgeni, usimwambie "sasisha kisha boresha". Mwambie "soma orodha mpya, kisha weka matoleo mapya."

Nime-`upgrade` lakini inasema kuna vifurushi vimebakizwa. Nimekosea wapi?

Huenda hukukosea popote. Kuna sababu tatu za kawaida, na apt ya zamani ilikuwa ikizieleza zote kwa mstari mmoja usiosema lolote.

Ya kwanza ni kwamba toleo jipya linahitaji kifurushi ambacho hukuwa nacho, au linataka kingine kiondolewe. Hapa ndipo amri tatu za kuweka matoleo mapya zinapoachana. `apt-get upgrade` haileti kifurushi kipya na haiondoi kilichopo. Kikihitajika chochote kati ya hivyo, inakiacha kifurushi husika kilivyo. `apt upgrade` inaruhusu vipya kuingia lakini haiondoi. `apt full-upgrade`, ambayo kwenye `apt-get` inaitwa `dist-upgrade`, inaruhusu yote mawili.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo hadi ikuguse kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo. Kwenye Ubuntu kila toleo jipya la kerneli huja kama kifurushi chenye jina jipya, kwa sababu namba ya toleo imo ndani ya jina lenyewe. Msimamizi wa seva anayetegemea `apt-get upgrade` peke yake anaweza kukaa miezi akiona masasisho yanaingia, kumbe kerneli yenye mashimo ya usalama ndiyo ileile. Akitumia `apt upgrade`, au akaongeza `--with-new-pkgs` kwenye `apt-get`, tatizo linaisha.

Sababu ya pili ni Ubuntu kugawa masasisho kwa awamu. Baadhi ya kompyuta hupata sasisho leo na nyingine siku zinazofuata, ili hitilafu ikigundulika isiwe imefika kwa wote. Hii ikikukuta, subiri. Matoleo ya karibuni ya Ubuntu husema wazi kwamba kifurushi kimeahirishwa kwa sababu ya awamu, na tangu ujumbe huo uanze kutokea malalamiko mengi yamepata jibu lake hapohapo kwenye kioo.

Ya tatu: wewe au mwenzako mlikizuia kifurushi kwa `apt-mark hold`. Andika `apt-mark showhold` uone.

`remove`, `purge` na `autoremove`: ipi inafuta nini?

`remove` huondoa programu na kuacha mafaili ya mipangilio yaliyo chini ya `/etc`. Ukiirudisha programu kesho, inakuta mipangilio yake. `purge` huondoa programu pamoja na mipangilio hiyo. Zote mbili haziyagusi mafaili yaliyo kwenye folda yako ya nyumbani, kwa hiyo ukidhani `purge` ya kivinjari itafuta historia yako, haitafuta. Kwenye vifurushi vya hifadhidata kama MySQL na PostgreSQL kuwa mwangalifu zaidi: `purge` inaweza kukuuliza kama data zenyewe nazo zifutwe, na swali hilo lisome polepole.

`autoremove` ndiyo inayowatia watu hofu, na wana haki. Apt hukumbuka ni vifurushi gani uliviomba mwenyewe na ni vipi vilikuja kama vitegemezi, yaani kwa kuwa vingine vinavihitaji. Kifurushi kilicholetwa kama kitegemezi kikibaki bila anayekihitaji, `autoremove` hukiondoa. Shida ni kwamba apt inajua mahitaji ya vifurushi tu. Haijui kuhusu tovuti uliyoiandika mwenyewe ukaiweka kwenye `/var/www`. Tuseme uliwahi kusakinisha programu fulani iliyokuja na `php-gd`, kifurushi cha kuchakata picha kwa PHP, kisha tovuti yako nayo ikaanza kuitumia `php-gd` hiyohiyo. Ukiiondoa ile programu na kufuatisha `autoremove`, picha za tovuti yako zinaacha kupunguzwa ukubwa na hutaelewa kwa nini. Dawa ni kuiambia apt kwamba kifurushi hicho unakitaka wewe: `sudo apt-mark manual php-gd`. (`sudo` huendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi.)

Laiti jina la amri hii lingesema "ondoa visivyohitajika na kifurushi kingine chochote", watu wangejiuliza swali sahihi. Jina lililopo linasema tu kwamba kuna kuondoa, na kwamba kunajiendesha.

Kila mwongozo ninaouona una `-y`. Nami niweke?

Kwenye kompyuta yako, usiweke.

`-y` maana yake ni kwamba umejibu "ndiyo" kabla ya kusikia swali. Apt kabla ya kufanya kazi kubwa hukuonyesha mpango wake: vitakavyoingia, vitakavyoondoka, megabaiti za kupakua, nafasi ya diski. Unaposakinisha, kwa kawaida hukuuliza pale tu mpango unapozidi ulichoomba. Ukisakinisha kifurushi kimoja kisicholeta kingine, haikuulizi kabisa. Kwa hiyo swali likitokea lina sababu, na `-y` inalizima.

Mfano unaojulikana sana ni wa Novemba 2021. Linus Sebastian wa chaneli ya Linus Tech Tips alikuwa akijaribu Pop!_OS, aina mojawapo ya Linux, na akataka kuweka Steam, programu ya michezo. Duka la programu lenye picha lilimgomea, akahamia kwenye terminali, dirisha la kuandika amri. Siku hizo kulikuwa na hitilafu kwenye vifurushi, na apt ikapanga kuondoa mazingira yote ya eneokazi ili Steam iingie. Ilimwonya, ikampa orodha ndefu, na ikamtaka aandike sentensi nzima ili kuthibitisha: `Yes, do as I say!` Akaiandika. Eneokazi likaondoka.

Watu walicheka na wengi walisema alipaswa kusoma. Ila mtazame alivyokuwa: amefuata maelekezo aliyoyapata, ameomba kitu kimoja cha kawaida kabisa, amepewa ukuta wa majina ya vifurushi asiyoyafahamu, na chini yake maneno ya kuandika ili apite. Onyo lililofichwa ndani ya maneno mengi, lenye funguo yake pembeni, halizuii mtu. Waundaji wa APT waliliona hilo. Katika toleo la 2.3.12, mwezi uleule, waliliondoa swali lenyewe: ukitaka kuondoa kifurushi ambacho mfumo hauwezi kuishi bila hicho, sharti urudi mwanzo uandike `--allow-remove-essential`. Hutafika hapo kwa bahati mbaya.

Mahali pa `-y` ni kwenye skripti inayoendeshwa bila mtu, kwa mfano unapojenga picha ya Docker, yaani kifungashio cha mfumo mdogo na programu zake. Hata huko, elewa kwamba `-qq`, ambayo wengi huiweka ili kupunguza maneno kwenye kioo, nayo ina "ndiyo" ndani yake. Mwongozo wa apt-get wenyewe unaonya usiitumie bila kuongezea chaguo la kuzuia utendaji, kama `-d` (pakua tu) au `-s` (igiza tu). Chaguo la kunyamaza ambalo pia linakubali kila kitu: nani angelibahatisha hilo?

Kwa hiyo kabla ya kubonyeza nisome nini? Orodha ni ndefu.

Soma namba ya vitakavyoondolewa. Kwenye apt ya zamani mstari wa muhtasari unakuwa hivi:

`0 upgraded, 2 newly installed, 187 to remove and 4 not upgraded.`

Uliomba kusakinisha, na hapo kuna 187 za kuondolewa. Jibu ni hapana, hata kama hujui hata kifurushi kimoja kwenye orodha.

Ukitaka uhakika zaidi, fanya jaribio kavu. `apt-get -s dist-upgrade` huonyesha hatua zote bila kugusa kitu, na wala haihitaji `sudo`. Kila mstari huanza na `Inst` kwa kinachowekwa, `Conf` kwa kinachopangiliwa, na `Remv` kwa kinachoondolewa. Ongeza `| grep ^Remv` mwishoni na utabaki na vile vinavyoondoka tu. Kama hakuna kitu kilichochapishwa, hakuna kinachoondoka.

APT 3.0, iliyotoka Aprili 2025 na kuingia Debian 13 mwezi Agosti mwaka huohuo, imeupanga upya mpango huo: majina yako kwenye safu, kila kundi lina kichwa chake, vinavyoingia ni vya kijani na vinavyoondoka ni vyekundu. Nafasi ya diski inayohitajika huonyeshwa sambamba na iliyopo. Rangi peke yake isingetosha kwa asiyetofautisha nyekundu na kijani, ila vichwa vya makundi vinamsaidia huyo pia.

Kwenye `[Y/n]`, je, N ni ya "ndiyo"?

Hapana, na hili si la kuchekesha. Kwenye ujumbe wa Kiingereza, Y ni kukubali na N ni kukataa. Anayefikiri kwa Kiswahili na akabonyeza N kwa "ndiyo" atakuwa amekataa. Anayefasiri ujumbe akaweka `[N/h]`, yaani ndiyo au hapana, ameigeuza maana ya herufi ambayo vidole vya watu vimeizoea kwenye kila terminali nyingine.

Apt hufuata lugha ya mfumo katika kupokea jibu: Mjerumani huona J mahali pa Y. Kwa Kiswahili mimi ningependelea swali liandikwe kwa kirefu na mtu aandike neno zima, "ndiyo" au "hapana", hasa pale kinapoondolewa kitu. Herufi moja inayosomeka pande mbili haifai kulinda kompyuta ya mtu.

Halafu kuna jambo ambalo halielezwi popote kwenye kioo: herufi kubwa ndiyo jibu litakalochukuliwa ukibonyeza Enter tupu. `[Y/n]` maana yake Enter ni kukubali. `[y/N]` maana yake Enter ni kukataa.

`apt-get -f install` ni ya kulazimisha?

Siyo. `-f` hapa ni kifupi cha `--fix-broken`: rekebisha vitegemezi vilivyovurugika. Huhitajika mara nyingi baada ya kusakinisha faili la `.deb` (kifurushi chenyewe) kwa `dpkg -i`, chombo cha chini ya apt kisichotafuta vitegemezi, na vitegemezi vyake vikawa havipo. Mkanganyiko unaeleweka, kwani kwenye `rm -f` na amri nyingine nyingi `-f` ni kulazimisha.

Herufi moja moja zina balaa hili kwa ujumla. Kwenye apt `-y` ni kukubali kila swali. Kwenye pacman, zana ya vifurushi ya Arch Linux, ile `y` iliyomo ndani ya `-Syu` ni kusoma upya orodha za hazina. Mwenye mazoea ya pacman huandika `-Syu` kwa pumzi moja bila kukumbuka kila herufi inafanya nini, kisha siku moja anaandika `-Sy` na jina la kifurushi, na hapo amesasisha orodha bila kusasisha mfumo. Arch hawaungi mkono usasishaji wa nusunusu wa namna hiyo, maana programu mpya inaweza kuja ikitegemea maktaba ambazo kwako bado ni za zamani.

Ukiandika mwongozo kwa wengine, tumia majina marefu: `--fix-broken`, `--download-only`, `--simulate`. Anayesoma anaona kazi. Vifupi ni vya kidole chako mwenyewe.

Bando langu ni dogo. Ni machaguo gani yatanisaidia?

Kwanza, mstari wa kiasi cha kupakua huonekana kabla ya swali la kukubali. Usome. Wanaonakili `-y` kutoka kwa mtu mwenye nyuzi za fiba ofisini hawaoni mstari huo hadi bando limeisha.

Pili, `--no-install-recommends`. Kwenye apt, kifurushi kina mambo ya lazima, yanayopendekezwa na yanayodokezwa tu. Ya lazima na yanayopendekezwa huja yenyewe, yanayodokezwa hayaji. Chaguo hili huacha yanayopendekezwa, na wakati mwingine upakuaji hupungua sana. Lakini jua unachokiacha. Sakinisha `git` kwenye mfumo mtupu wa Debian kwa chaguo hili, kisha jaribu kunakili mradi kwa `https`: itagoma ikilalamikia vyeti, kwa sababu `ca-certificates` ni kifurushi kinachopendekezwa na git, si cha lazima. Hilo limewapotezea muda watu wengi wanaojenga picha za Docker. Jibu ni kukitaja kwa jina: `apt-get install --no-install-recommends git ca-certificates`.

Tatu, `-d` hupakua bila kusakinisha na kuacha mafaili kwenye `/var/cache/apt/archives`. Unaweza kupakua penye Wi-Fi ya bure na kusakinisha ukirudi nyumbani. Kwa maabara ya shule au cyber yenye kompyuta kumi zinazotumia Ubuntu moja, weka `apt-cacher-ng` kwenye kompyuta moja, ili kila kifurushi kipakuliwe mara moja tu na zingine zikichukue humo.

Katikati ya sasisho imeniuliza kuhusu faili la mipangilio, na majibu ni Y, I, N, O, D, Z. Nifanyeje?

Umebadilisha faili fulani chini ya `/etc`, na kifurushi kipya nacho kimekuja na faili lake. Herufi ni nyingi lakini majibu ni manne tu. Y au I: chukua faili jipya la kifurushi. N au O: bakia na la kwako. D: nionyeshe tofauti. Z: nifungulie terminali nikachunguze mwenyewe, kisha nirudi.

Anza na D kila mara. Usipojua la kufanya baada ya hapo, Enter tupu inabakiza la kwako, na la kifurushi linahifadhiwa kando kwa jina lenye `.dpkg-dist`. Ukichagua jipya, la kwako nalo linahifadhiwa, kwa jina lenye `.dpkg-old`. Yaani hakuna jibu linalopoteza kazi yako, na ni jambo la kusikitisha kwamba swali lenyewe halisemi hivyo. Mstari mmoja tu ungeliondoa jasho lote.

Naandika zana yangu. Jina zuri la chaguo linafananaje?

Angalia `--break-system-packages` ya pip, zana ya kusakinisha maktaba za Python. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, ukijaribu kusakinisha maktaba ya Python kwa `pip` moja kwa moja kwenye mfumo, inakukatalia na kukuelekeza utengeneze mazingira pepe (folda ya Python iliyotengwa na mfumo) au utumie apt. Ukisisitiza, chaguo la kupita linaitwa hivyo: vunja vifurushi vya mfumo. Hakuna anayeliandika akidhani ni jambo dogo. Wangeweza kuliita `--force`, na mwaka mmoja baadaye lingekuwa kwenye kila mwongozo wa intaneti kama pilipili kwenye kila sahani. Bado wapo wanaolinakili, ila angalau wanasoma wanachokinakili.

APT nayo ilipitia njia hiyo. Zamani ilikuwa na `--force-yes`, chaguo moja lililozima ulinzi wote. Tangu toleo la 1.1 liliwekwa kando na nafasi yake ikachukuliwa na manne: `--allow-downgrades` kurudi toleo la nyuma, `--allow-remove-essential` kuondoa kifurushi cha msingi, `--allow-change-held-packages` kugusa vilivyozuiwa, na `--allow-unauthenticated` kukubali vifurushi visivyo na saini iliyohakikiwa. Mtu anayetaka kurudi toleo la nyuma hana sababu ya kukubali vifurushi visivyo na saini. Chini ya jina la zamani alikuwa akikubali vyote bila kujua.

Ninachoshauri, basi: jina lieleze kitakachotokea kwenye kompyuta ya mtu, si namna programu yako inavyofanya kazi ndani. La hatari lisiwe na kifupi cha herufi moja. Na kabla ya kuchagua herufi, angalia inamaanisha nini kwenye zana ambazo watumiaji wako tayari wanazo mkononi.

Si bora tu kuandika mwongozo mzuri?

Mwongozo unasaidia aliyekuja kusoma. Wengi wanakuja na tatizo, saa tano usiku, na wanachokisoma ni mistari kumi ya mwisho kwenye kioo. Weka maelezo hapo.

Na mwongozo wenyewe mara nyingi umeandikwa kwa upande wa programu. Maelezo ya `--no-install-recommends` kwenye kurasa za `man`, yaani mwongozo uliomo ndani ya mfumo, yanasema, kwa kuyafasiri, "usivichukulie vifurushi vinavyopendekezwa kuwa vitegemezi vya kusakinisha." Ni sahihi kabisa, na hayamsaidii mtu. Mimi ningeandika: "Sakinisha kifurushi na vya lazima tu. Hupunguza upakuaji. Programu itafanya kazi, ila baadhi ya vipengele vinaweza kukosekana hadi uviongeze mwenyewe." Maneno yameongezeka, lakini sasa mtu anaweza kuamua.

Kipimo rahisi: mpe mtu asiye fundi mstari wako wa maelezo, kisha muulize atarajie nini akitumia chaguo hilo na atarudije nyuma. Asipojibu, andika upya.

Nikifasiri, nitafsiri na majina ya machaguo?

Usitafsiri. `--simulate` ibaki `--simulate`; mtu atahitaji kulitafuta mtandaoni na kulinakili, na likiwa tofauti kwenye kila lugha hatapata msaada. Fasiri maelezo, maonyo na maswali. Chagua neno moja kwa kitu kimoja na ulishike: ukianza na "sakinisha" usihamie "pachika" ukurasa unaofuata, na "ondoa" isiwe mara "futa", kwa sababu msomaji atadhani ni kazi mbili.

Inasema imeshindwa kupata kufuli la `/var/lib/dpkg/lock-frontend`. Nilifute hilo faili?

Usilifute. Kuna programu nyingine inayotumia mfumo wa vifurushi sasa hivi, mara nyingi `unattended-upgrades` inayoweka masasisho ya usalama nyuma ya pazia. Subiri dakika chache. Matoleo mapya hukutajia namba ya mchakato unaolishikilia kufuli. Kulifuta wakati usakinishaji unaendelea ndiko kunakoharibu hifadhidata ya vifurushi.

`apt help` inamalizia kwa kusema APT hii ina nguvu za ng'ombe. Ni hitilafu?

Ni mzaha wa miaka mingi. Andika `apt moo`. Hakibadiliki kitu kwenye mfumo, na haihitaji `sudo`.